Mwenye Cheo na Hesabu ya Nafsi Yake

Katika tarikhi ya kazi za nchi ya Tanganyika, tangu zama za misafara ya pembe mpaka zama za viwanda vya mashirika ya umma, liko swali moja ambalo kila kizazi kimelikuta likikingojea, nalo ni hili: mtu aliyepewa amri juu ya wenzake kazini atajuaje jinsi alivyo, maadamu wote wanaomzunguka wana sababu ya kumficha? Mashekhe wamefundisha tangu kale kwamba mja aihasibu nafsi yake kabla hajahasibiwa, na mafundisho hayo ni haki. Walakini mwenye cheo ana msiba ambao mtu wa kawaida hana, kwa kuwa habari anazozipata juu ya nafsi yake hupita kwanza mikononi mwa watu wanaomwogopa. Nakusudia kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika nchi hiyo kwa nyakati mbalimbali, na hasa katika miaka kumi na mitano ya mwanzo wa uhuru, ambapo lilijibiwa kwa maandishi, kwa ujasiri ambao sijaona mfano wake mwingi katika tarikhi ya serikali za dunia.

Tuanze na misafara. Richard Burton, Mwingereza aliyeipita njia ya kati kutoka pwani mpaka Ujiji baina ya mwaka 1857 na 1859, ameeleza kwa urefu taratibu za Wanyamwezi katika kazi ya upagazi, na ingawa yeye mwenyewe hakuwapenda wapagazi wala hakuwasifu, ushahidi wake unatufaa, kwa sababu amenakili mambo ambayo hakuyatia maanani. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, amevaa vazi jekundu na mapambo ya manyoya kichwani, ameshika bendera; na mtu yeyote aliyethubutu kumtangulia njiani alitozwa faini, akatolewa mshale mmoja katika podo lake ili uwe ushahidi watakapofika kituoni. Juu ya vikosi vya wapagazi walikuwapo wanyampara, wakubwa wa watu wa kijiji kimoja au ukoo mmoja, ambao walikula na watu wao, wakalala nao, wakaumwa homa pamoja nao. Heshima ya namna hii ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na sharti ambalo halikuandikwa popote: pagazi aliyebeba frasila mbili za pembe au nguo kutwa nzima juani, akiona amedhulumiwa katika posho au ametukanwa mbele ya wenzake, hakuwa na kadhi wa kumshitakia, lakini alikuwa na mabega yake mwenyewe. Aliutua mzigo. Na wapagazi mia wakitua mizigo yao kwa pamoja asubuhi moja, mwenye mali aliyedhani kwamba yeye ndiye msafara alitambua, bila ya mshauri wala mwalimu, kwamba msafara ni watu, na kwamba watu hao wameshampima na kumwona amepungua.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za insafu. Walikuwamo watumwa katika misafara hiyo, na walikuwamo wakubwa waliopiga na kuwaacha wagonjwa njiani. Nasema tu kwamba mnyampara alikaa mahali ambapo kosa lake lilimrudia siku ile ile, mbele ya macho yake, kutoka kwa wale wale aliowakosea.

Mkonge ulibadili hali hiyo. Mmea huo uliletwa na Dakta Richard Hindorf katika mwaka 1893, enzi ya Wajerumani, na katika muda wa miaka michache mashamba yakaenea upande wa Tanga na Korogwe, kisha Morogoro, yakawa ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote nchini, na baadaye, chini ya Waingereza, Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani. Vibarua waliletwa kutoka mbali kwa mkataba, wakaitwa manamba kwa ajili ya nambari walizopewa, na kila mmoja alikuwa na kipande chake, kadi ambamo kazi ya siku ilitiwa alama, mpaka zitimie siku 30 ndipo alipwe. Juu yao alisimama nyapara. Cheo chake kilitokana na cha mnyampara wa safari, lakini mamlaka yake yalitoka kwingine kabisa: hakuchaguliwa na watu wake, wala hakula nao, wala hakuhitaji radhi yao, alihitaji radhi ya bwana shamba peke yake, na bwana shamba alihitaji radhi ya wenye hisa waliokaa ng'ambo. Kila mtu aliangalia juu. Kibarua aliyetua mzigo wake alikuwa ameanguka katika mikono ya sheria, kwa maana kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kulikuwa ni jinai.

Basi maneno ya wanyonge yakapita njia nyingine, nayo ni njia ya lakabu. Hakukuwa na Mzungu wa shamba wala wa boma ambaye watu hawakumpa jina, na jina hilo lilikuwa ni hukumu kamili juu ya hasira zake, ubahili wake, mwendo wake na namna yake ya kusema. Likajulikana kwa watoto na wanawake na wapishi, likaimbwa katika kazi, ilhali mwenyewe alikaa miaka kumi akiitikia salamu bila ya kujua kwamba ameshaandikiwa wasifu wake. Naona huu ndio urithi mzito kuliko yote tuliyoachiwa na ukoloni katika mambo ya kazi: hukumu ya watu juu ya mkubwa wao ilikuwako, tena ilikuwa sahihi, lakini ilizungumzwa mgongoni mwake.

Mara chache ilizungumzwa usoni. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo wao ukafuata njia ya reli mpaka bara. Katika mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaungana katika shirikisho la TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake. Na katika mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la mkonge la Mazinde wakaendesha mgomo uliochukua wiki nyingi. Madai yalikuwa ya mishahara aghalabu, lakini aliyeyasikiliza vizuri alisikia ndani yake jambo jingine, la kuitwa kwa jina na kusemeshwa kama mtu.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda kuzunguka nchini kwa kazi ya chama chake, TANU. Katika mwaka huo, akiwa hana cheo cha serikali, aliandika kwa Kiswahili kijitabu kifupi alichokiita Tujisahihishe. Watu wengi hukitaja, na wachache hukisoma, nami nathubutu kusema kwamba hakuna maandishi ya kiongozi wa Afrika ya zama zile yaliyo mafupi kiasi hicho na yenye uzito kiasi hicho. Hoja yake ya kwanza ni kwamba kweli haina upendeleo baina ya mkubwa na mdogo, wala baina ya adui na rafiki, na kwamba anayeipuuza, hata akiwa na nguvu namna gani, itamdai deni lake; mkubwa aweza kumdhulumu mnyonge, lakini hawezi kuidhulumu kweli. Kutoka hapo anawageukia wana-TANU wenyewe, akawaonya juu ya kutanguliza nafsi mbele ya jamii, juu ya kuyapima maneno kwa hadhi ya msemaji badala ya kuyapima kwa hoja yake, juu ya kunyamazia kosa kwa sababu mkosaji ni mkubwa, na juu ya uvivu wa watu wazima waliodhani kwamba elimu ni mambo ya watoto.

Wakati wa maandishi hayo ndio unaoyatia nguvu. Chama kilikuwa katika kilele cha ushindi wake. Vyeo vya Waingereza vilikuwa vikigawanywa kwa Waafrika mwezi kwa mwezi. Karani wa jana alikuwa amekuwa mkuu wa idara, amepewa nyumba ya Oysterbay, gari na tarishi, na mitaani watu hawakukawia kuwaita wakubwa hao wapya Wabenzi. Mtu mwingine yeyote angeandika kitabu cha kujipongeza. Yeye aliandika kwamba tuna maradhi, na kwamba maradhi hayatibiwi kwa kuyaficha. Na neno alilolichagua kwa jina la kijitabu lina "tu" ndani yake, hakuwaambia wajisahihishe.

Hata hivyo kijitabu hicho kilikuwa na upungufu, na sioni kuwa ni kukosa adabu kuutaja, kwa maana mwenyewe ndiye aliyetufundisha kutaja. Kilimwamuru kiongozi ajihasibu, lakini hakikumpa aliye chini yake mahali pa kusimama ili amsomee hesabu hiyo. Kilitegemea dhamiri ya msomaji. Na dhamiri ya mwenye cheo, akiwa peke yake katika ofisi yenye feni na pazia, huweza kumfikishia habari njema kwa miaka mingi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964 shirikisho la TFL lilivunjwa, ikaundwa NUTA, jumuiya moja ya wafanyakazi iliyofungamana na serikali, na katibu wake mkuu akawa ndiye waziri wa kazi; jambo ambalo, hata kama lilikuwa na sababu zake, lilimfanya mtetezi na mwajiri kukaa katika kiti kimoja. Katika mwaka huo huo sheria ya usalama wa kazi iliweka kamati za wafanyakazi katika mahali pa kazi, ili meneja asiweze kumfukuza mtu kwa ghadhabu ya asubuhi moja. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakataja mishahara mikubwa ya viongozi. Nyerere aliwafukuza kwa mamia, lakini papo hapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye likatoka Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari 1967, na pamoja nalo masharti ya uongozi: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika shirika la mabepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalikuwa makali, na yalifaa, lakini yote yaligusa mfuko wa kiongozi. Ulimi wake, uso wake, na namna anavyomjibu mfagizi wa ofisi, havikuguswa.

Vikaguswa katika mwaka 1971. Mwaka mmoja kabla, Februari 1970, waraka wa Rais ulikuwa umeamuru mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, ili watu wa mashine wapate kusikilizwa katika mambo ya uzalishaji. Lakini mabaraza hayo yalikuwa ya ushauri tu, na wakubwa wa idara walijaa ndani yake. Kisha Idi Amin akapindua serikali ya Uganda, tarehe 25 Januari 1971, na TANU, ikiogopa kwamba chama kilichotengana na watu wake ni rahisi kuangushwa na askari wachache, ikakutana ikatoa Mwongozo. Maandishi hayo yalikiri jambo ambalo serikali chache hukiri: kwamba tumerithi kwa wakoloni pamoja na majumba yao ile desturi ya mmoja kuamrisha na wengine kutii, serikalini, viwandani na kwingineko. Na kifungu cha 15 kikamkataza kiongozi asijikweze, asijitanue kwa anasa, asidharau watu wala asiwaonee, kikadai kwamba usawa baina ya kiongozi na anaowaongoza ujengwe kwa makusudi.

Waandishi wake, nadhani, waliwaza kwamba viongozi wataisoma ibara hiyo na kujirekebisha. Waliokuwa wa kwanza kuisoma kwa makini walikuwa ni wafanyakazi.

Tangu Februari 1971 mpaka mwisho wa mwaka 1973 viwanda vya Dar es Salaam na kwingineko vilitikiswa na migogoro ambayo haikufanana na migomo ya zamani. Issa Shivji na Pascal Mihyo, wanasheria wa chuo kikuu walioichunguza, wameonyesha wote wawili kwamba shina lake mara nyingi halikuwa mshahara, bali udhalilishaji: matusi, ubaguzi, kufukuzwa ovyo, gari la kiwanda kufanywa mali ya nyumbani kwa mkubwa. Mfanyakazi alikuwa na kijitabu mfukoni, akakitaja kifungu kwa nambari yake kama msomi wa fikihi atajavyo aya. Na mara nyingine watu hawakuacha kazi kamwe: waliendelea na mashine zao, wakamzuia meneja langoni asiingie, wakasema kwamba kazi yao wanaitaka, ila yeye hawamtaki. Julai 1971 jambo hilo lilifika chuo kikuu, pale kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alipoutumia Mwongozo katika barua ya wazi kwa mkuu wa chuo, naye akachukuliwa na polisi mbele ya wenzake.

Naliangalia tukio la yule mfanyakazi wa langoni kwa heshima kubwa. Alikuwa akifanya alilofanya pagazi wa misafara alipotua mzigo, ila yeye hakuutua. Aliuchukua mzigo wote pamoja na ule wa meneja, akataka kuonyesha kwamba kiwanda chaweza kwenda kwa adabu. Hukumu ambayo kwa miaka themanini ilikuwa ikisemwa mgongoni kwa lakabu sasa ilisemwa usoni, kwa lugha ya chama chenyewe, mchana. Je, kulikuwa na meneja aliyerudi nyumbani siku ile akajiuliza ni nini katika kauli yake kilichowafikisha watu hapo? Bila shaka walikuwako, kwa kuwa watu wa haki hawakosekani. Lakini jibu la mashirika na la NUTA, kwa jumla, lilikuwa ni kusema kwamba kifungu cha 15 kimeeleweka vibaya, na kwamba sehemu zinazohusu bidii na nidhamu zimesahauliwa. Yaani mkubwa aliyeamriwa ajisahihishe alimsahihisha msomaji.

Katika mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha wenyewe, na serikali mwanzoni ikawakubalia. Wengine walipofuata mfano huo serikali iliona kwamba mlango umefunguka kuliko ilivyokusudia. Polisi wakaitwa, watu wakafukuzwa kazi, na kabla ya mwaka kwisha sauti zile zilikuwa zimenyamaa. Insafu inataka tuseme pia kwamba si kila mgogoro ulikuwa wa haki. Walikuwamo wazembe waliojificha nyuma ya kifungu, na meneja mwema aliyedai kazi ifanywe aliweza kuitwa dhalimu. Lakini dawa ya madai ya uongo ni kuyasikiliza na kuyapima, na mabaraza, ambayo yangeweza kuwa ndiyo mahali pa kupimia, hayakuwa na nguvu hiyo.

Na mwaka ule ule, tarehe 6 Novemba 1973, Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri. Mamilioni ya wakulima walihamishwa katika miaka iliyofuata, baadhi yao kwa nguvu, nyumba zao zikavunjwa au kuchomwa moto na maafisa waliotaka kupeleka Dar es Salaam hesabu nzuri. Naliandika jambo hili kwa uzito, kwa sababu ni yule yule aliyeandika Tujisahihishe, ambaye uadilifu wake sina shaka nao, na ambaye kwa hakika aliihasibu nafsi yake kuliko viongozi wengi wa zama zake. Afisa wa wilaya alimwandikia mkuu wa mkoa kwamba watu wamehamia kwa furaha, na mkuu wa mkoa akaandika hivyo hivyo kwenda juu. Mkulima hakuwa na kifungu cha 15, wala lango la kumzuia mtu. Hapo ndipo ninapoona kwamba usafi wa nia ya mkubwa haukutosha, na kwamba kilichokosekana katika kijitabu cha 1962 kilikuwa kimekosekana mpaka siku hiyo.

Katika mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Nyerere aliandika taarifa ndefu juu ya yaliyotimizwa na yasiyotimizwa. Alikiri waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, akaeleza kasoro za mashirika ya umma, akalaumu ulegevu wa nidhamu. Wakuu wa nchi hupenda kuandika kumbukumbu baada ya kustaafu, ambapo makosa ni ya wengine. Yeye aliandika akiwa bado madarakani, na akaichapisha taarifa hiyo watu waisome. Ni muhasaba wa kweli. Ila hata humo sikuona mfanyakazi wa langoni akiombwa radhi.

Mabaraza yaliyozaliwa na waraka wa 1970 hayakufa. Mpaka leo katika wizara na taasisi za umma za Tanzania baraza la wafanyakazi huitishwa, wajumbe huketi, bajeti husomwa, stahili hujadiliwa, na mwenyekiti wake ni mkuu wa taasisi mwenyewe. Yeye ndiye afunguaye mkutano, na yeye ndiye atoaye ruhusa ya kusema.